Mwendo wa Peres

Awuor alinipigia simu nikiwa dukani Biashara Street, nimeinama juu ya jora la kitambaa cha sare za shule, mteja na mtoto wake wakiningoja. Sipendi kupokea simu kazini, lakini nilipoona jina lake niliweka mkasi chini na kupokea. Mama yake, Peres, alikuwa ametoka hospitali majuma machache kabla, baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kulia na kumfunga ulimi.

"Anti Nyawira, naomba ukuje," akasema. "Mama amefukuza wamama wa kanisa."

"Amewafukuza namna gani?"

"Walikuja kumwombea. Wakashikana mikono, wakamwambia aanze yeye, vile alikuwa anafanya. Akaanza, halafu akanyamaza. Halafu akagonga meza na ule mkono mzima, akawaonyesha mlango. Na yule dada wa mazoezi ya viungo pia hataki kumwona. Anakaa tu, Anti. Anakaa tu."

Nilimaliza kumhudumia mteja, ila sikumbuki nilimkatia nini. Peres kufukuza watu wa maombi! Ilikuwa kama kuambiwa kwamba Ngong Road imeamka ikielekea upande mwingine.

Wengi pale Woodley wanamjua Peres kama mama aliyeongoza maombi ya alfajiri katika kanisa lao dogo, yule aliyefungua mlango wa kanisa kabla mwangalizi hajaamka. Mimi nilimjua kabla ya hayo yote. Tulijuana tukiwa wasichana, tukishindana katika mchezo ambao hata ndugu zetu waliuonea haya. Tulikuwa watembeaji.

Si kutembea kwa kwenda sokoni. Ni mashindano kamili, yenye majaji na kanuni kali. Mguu mmoja lazima uwe umegusa ardhi wakati wote, na goti la mguu unaotua lazima linyooke mpaka mwili upite juu yake. Ukikosea, jaji anakuandikia kadi nyekundu, na kadi zikizidi unatolewa. Ili uende kasi bila kukimbia, inabidi kiuno kizunguke, na hicho kiuno ndicho kilichotufanya tuchekwe Ngong Road nzima. Mafundi wa viti na vitanda waliokuwa kando ya barabara waliweka randa chini ili watutazame vizuri. "Madam, choo iko hapo mbele!" walitupigia kelele. Mimi niliwatukana kimoyomoyo. Peres aliwapungia mkono.

Nyumbani kwetu ni Kabiria. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wakati huo tulikuwa bado na shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa mahali ambapo leo pamesimama maghorofa. Peres alikuja mjini kutoka Siaya, akakaa kwa kaka yake Woodley, katika zile nyumba za kaunsili zenye paa za vigae na ua wa michongoma. Kochi wetu alikuwa Kimanzi, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyetukusanya katika uwanja wa Woodley kabla jua halijachomoza. Tulipanda mpaka Dagoretti Corner, tukashuka Kabiria kwa njia ya vumbi, tukarudi. Nikifumba macho leo bado nauona ule umande juu ya majani, nasikia harufu ya moshi wa kuni na maziwa yanayochemshwa, na mbele yangu naona mgongo wa Peres katika trakisuti ya kijani iliyochujuka.

Alifika uwanjani kabla yetu sote. Mara ya kwanza nilipomkuta ameinama kando ya ua nilidhani ananyoosha misuli. Kumbe alikuwa amepiga magoti, leso kichwani. Hakuomba kwa sauti wala kwa madoido. Alimaliza, akapangusa magoti, akaja kwenye mstari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku, mvua au baridi.

Kochi Kimanzi alisema mimi nilikuwa na pumzi kuliko Peres, na nafikiri alisema kweli. Lakini mimi nilipenda siku ya mashindano, sikupenda asubuhi zilizotangulia. Ile baridi ya Julai ilinishikilia kitandani. Niliamini kwamba siku ikifika, mwili utajitahidi wenyewe.

Siku ikafika, uwanja wa Nyayo, mchujo wa timu ya taifa. Niliongoza karibu mashindano yote. Mzunguko wa mwisho miguu ikachoka, na goti la kushoto, ambalo Kochi alikuwa amelipigia kelele mwaka mzima, likaanza kukunjika. Sikulisikia likikunjika. Nilichoona ni jaji mkuu akitembea kuelekea kwangu na kibao chekundu, mbele ya jukwaa lililojaa watu. Peres akapita upande wa ndani, akashinda.

Nilijifungia nyumbani Kabiria. Jumapili moja Peres alikuja baada ya ibada, amevaa gauni la kanisa na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Tuliketi nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Sina hamu tena," nikamwambia.

"Nani amekuuliza mambo ya hamu?"

"Kwako ni rahisi. Wewe ukiamka unasikia Mungu. Mimi nasikia baridi."

Alicheka mpaka ng'ombe akageuka. "Nyawi, unafikiri nikipiga magoti pale kwa uwanja kila siku nasikia kitu? Kuna wiki nzima nasikia tu mawe yakinidunga. Nikingoja nisikie kitu ndiyo niombe, ningekuwa nimeacha zamani. Naenda tu. Kesho naenda tena. Siku ile Mungu atataka kuniambia kitu, atanipata pale."

"Na asipotaka?"

"Bado atanipata pale."

Nilirudi mazoezini kwa ajili ya maneno hayo. Sikuwahi kuwa bingwa. Nilishinda mashindano ya mkoa mara moja, nikapigwa picha, basi. Peres alivaa rangi za taifa akasafiri mpaka Algiers. Kisha tukaolewa, tukapata watoto na kazi, Kochi akarudi kwao Machakos na huko akazikwa. Peres alipofiwa na mumewe alizidi kuwa mtu wa kanisa. Ile nidhamu yake ilihama tu kutoka uwanjani ikaingia ndani ya kanisa, saa zilezile za alfajiri. Mimi nilibaki Mkristo wa Jumapili. Miguu yangu iliwahi kufundishwa kazi; roho yangu sikuwahi kuipeleka mazoezini hata siku moja, na nilijua.

Jioni ya ile simu nilikwenda mtaa wa Jamhuri, anakoishi sasa na Awuor. Nilimkuta karibu na dirisha, mguu wa kulia umenyooshwa mbele yake kana kwamba ni mzigo ambao mtu ameuacha pale. Alikuwa amekonda.

"Usi... usiniombee," akasema kabla sijaketi.

"Mimi? Si unanijua mimi na maombi."

Upande mmoja wa mdomo wake ukainuka kidogo. Awuor akatuletea chai na kutuacha. Tulikaa. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye geti la jirani.

"Nilienda kila asubuhi," Peres akasema mwishowe. Kila neno alilitafuta kwanza. "Miaka. Wagonjwa wa watu. Watoto wa watu. Sasa..." Akaupiga ule mguu kwa kiganja. "Nimetolewa. Nilikosea wapi? Hakuna... hakuna jaji amekuja kuniambia."

Ningesema Mungu ana mpango wake, angenionyesha mlango kama wale wengine, na angekuwa na haki. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha.

"Kesho asubuhi nakuja," nikasema. "Siji kuomba. Nakuja tutembee."

"Sitembei."

"Basi nitatembea mimi, wewe utakaa."

Nilidhani ni mzaha, lakini ikawa hivyohivyo. Kesho yake nilipita kwao kabla ya kwenda dukani, nikamsalimu, nikamwomba ainuke, akakataa. Siku iliyofuata vilevile. Kwa kuwa nilikuwa nimesema nitatembea, nilivua viatu, nikaanza kutembea katika ule ukumbi mwembamba unaotoka sebuleni mpaka jikoni, kiuno kikizunguka kama zamani, au nilivyodhani ni kama zamani. Nina kitambi sasa. Awuor alikuwa akikaanga mayai, akaegemea jokofu akicheka. Nilienda, nikageuka, nikarudi.

"Goti," Peres akasema.

"Nini?"

"Goti. Linakunja."

"Peres, mimi ni nyanya ya watu sasa."

"La kushoto. Bado linakunja." Alikuwa amekasirika kabisa, kama Kochi. "Miaka yote hii... Nyoosha!"

Nikajaribu tena.

"Hapana! Siyo hivyo!" Akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akajivuta. Awuor akataka kumkimbilia, nikamzuia kwa jicho. Peres alisimama, akayumba, uzito wote kwenye mguu mzima. Kisha akausogeza ule mguu wa kulia mbele, akauweka chini polepole, akalisukuma goti nyuma mpaka likanyooka. Ule mguu wote ulikuwa ukitetemeka. "Hivi," akasema. "Unatua hivi. Halafu unapita juu."

Akapita juu. Hatua moja. Ndipo alipotambua alichokifanya. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, macho yamejaa machozi, kisha akaketi kwa kishindo na kuomba chai.

Kuanzia hapo yule dada wa mazoezi ya viungo, Valarie, aliruhusiwa kurudi, na mimi nikawa napita kila asubuhi. Tulitembea ukumbini kwanza, halafu mpaka mlangoni, halafu getini, yeye na mkongojo wake, mimi upande wa kulia. Nisiseme ilikuwa safari ya kupendeza. Alianguka bafuni akajiumiza bega, tukarudi nyuma. Kulikuwa na asubuhi za kunitupia maneno mabaya, na nyingine alilia tu. Na mimi pia kuna siku niliamka Kabiria mvua ikinyesha, nikavuta blanketi. Simu ikalia. Ilikuwa Awuor: "Anti, mama ameshavaa viatu. Anauliza uko wapi." Nikaamka.

Siku moja tulifika mpaka kibanda cha mboga kilicho mwisho wa barabara yao, tukakaa kwenye benchi la mwenye kibanda kupumzika. Kutoka pale tuliona watu wakielekea kazini, na kijana mmoja akikimbia na vifaa vya muziki masikioni. Nilikuwa nimejizuia kuuliza kwa muda mrefu.

"Peres, wale wamama uliwafukuza kwa nini? Ulikuwa umemkasirikia Mungu?"

Alichomoa leso kwanza.

"Kidogo," akasema. "Lakini si hiyo." Akafuta mdomo kwa leso. "Waliniambia niombe. Nikafunga macho. Nilitaka kusema 'Bwana.' Ikatoka 'bakuli.'"

Nilimtazama.

"Nikajaribu tena. 'Bakuli wetu.' Jacklyne, pale kando yangu, akanibana mkono. Wakawa... wananihurumia. Mimi niliwafundisha kuomba hao, Nyawira. Hata nikiwa peke yangu, neno linapotea. Nafungua mdomo, na yule ninayemwita... jina lake sina. Nimwite nani?"

Muda wote huo sote tulidhani amekata tamaa na Mungu. Kumbe alikuwa na aibu mbele yake, kama mtu aliyezoea kuingia kwa rafiki bila kubisha, akakuta siku moja mkono haufiki kwenye kitasa.

"Valarie alikwambia nini kuhusu mguu?" nikamwuliza.

"Kidogo kidogo. Kila siku."

"Na kama siku hiyo mguu haukubali?"

"Kesho tena."

"Basi na maneno iwe hivyo. Leo sema moja. Likitoka baya, liache hivyohivyo. Kesho tunarudi."

Alinigeukia. "Wewe utasema yaliyobaki?"

Hapo nikabanwa. Sikuwa nimeomba kwa sauti mbele ya mtu tangu nilipofundishwa utotoni pale Kabiria. Muuza mboga alikuwa akipanga nyanya, hana habari nasi. Peres akafunga macho. Nikafunga yangu.

"Baba," akasema, wazi kabisa.

Kisha ikawa zamu yangu. Sikumbuki vizuri niliyoyasema. Yalikuwa mafupi na ya kupindapinda. Nilimshukuru Mungu kwa benchi, nafikiri, na kwa Awuor. Sikusikia chochote moyoni, ila mgongo ukiniuma. Nilipofungua macho Peres alikuwa akinitazama kwa ule uso wa mazoezini, uso wa mtu anayekagua mwendo wa mwenzake.

"Utazoea," akasema.

Tukaendelea hivyo, masika yote. Tulitembea mpaka kibandani, akasema neno lake, nami nikajazia. Baadaye maneno yake yakawa mawili, kisha yakawa sentensi, ingawa siku mbaya yalirudi kuwa moja, au lisiwepo kabisa, tukakaa tu pale tumefunga macho mpaka muuza mboga, ambaye sasa alishatuzoea, akasema "Amina" kwa niaba yetu. Mimi nilianza kushtuka nikiwa dukani, katikati ya kelele za Biashara Street, nikigundua kwamba mkasi umesimama na nimemtaja mtu fulani mbele za Mungu. Halikuwa jambo kubwa. Lilikuwa kama siku ile miguu inapokumbuka yenyewe namna ya kutua.

Mwezi wa sita Peres alisema anataka kwenda kanisani alfajiri, na kwamba anataka kwenda kwa miguu. Kutoka Jamhuri mpaka Woodley si mbali kwa mtu mwenye afya. Kwa Peres ilikuwa Algiers nyingine. Awuor alitufuata taratibu na gari, taa zikitumulikia njia. Tulipumzika mara nyingi. Alipofika kwenye ngazi za kanisa jasho lilikuwa limemlowesha shingo.

Ndani walikuwa akina mama wachache na mzee mmoja. Jacklyne, aliyechukua uongozi, alimwona akasimama, asijue kama amkaribishe au akimbie. Peres akamshika mkono. "Nisamehe," akasema. "Nilikuwa na aibu." Hakusema zaidi. Jacklyne akamkumbatia, akalia, akataka kumpeleka mbele kwenye kiti chake cha zamani. Peres akakataa, akaketi nyuma pamoja nami.

Karibu na mwisho Jacklyne aliuliza kwa upole kama Mama Awuor ana neno. Nilitaka kumfanyia ishara amwache. Lakini Peres alikuwa ameshashika kiti cha mbele, anajiinua.

"Baba," akasema. "Tunakushukuru kwa... kwa sukuma."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alijua si neno alilolitaka. Niliona taya lake likikakamaa, nikamwogopea. Akashusha pumzi.

"Na kwa hii miguu," akaendelea. "Na kwa leo. Kesho pia tunakuja. Amina."

"Amina," wakaitikia, na yule mzee akaongeza kwamba hata sukuma ni mboga ya kushukuriwa, bei ilivyopanda. Peres ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata.

Hakurudi kuwa kiongozi. Mkono wake wa kulia bado hauwezi kufunga kifungo, na maneno bado humgeuka akichoka. Jacklyne anaongoza vizuri, na Peres anakaa kiti cha nyuma kila alfajiri, kisha mimi namsindikiza nyumbani kabla ya kwenda mjini. Watu huniambia mimi ni rafiki mwema, ninavyomsaidia. Nimeacha kuwasahihisha.

Juzi Jumamosi alinisihi tufike Kabiria, aione ile njia yetu ya vumbi. Awuor alituteremsha mahali ambapo nilidhani ilianzia. Sasa ni lami, maduka ya dawa na maghorofa yenye nguo zilizoanikwa kila kibaraza. Peres akasema njia ilipita kushoto kwa kisima cha zamani. Nikamwambia kisima kilikuwa kulia, mimi ndiye niliyezaliwa hapa. Akasema mimi sikuona kitu, kwa kuwa nilikuwa nyuma yake siku zote. Tulibishana tumesimama kando ya barabara, watu wakitupita, yeye akionyesha kwa mkongojo, mimi kwa kidole, hata Awuor akashuka garini kuuliza kama tumegombana. Kisha Peres akanishika mkono, akaukabidhi mkongojo kwa bintiye, na tukaanza kushuka taratibu upande ule aliousema yeye.